Kabla ya kumpeleka mama, uliza nani yuko zamu usiku

Kama unasoma haya umekaa kwenye korido ya hospitali, mkononi una orodha ya nyumba za wazee na umeambiwa utoe jibu kabla ya kesho mchana, ruka mpaka pale ninapozungumzia usiku. Mengine utayasoma ukishalala kidogo. Hospitali za Marekani hazikai na mgonjwa ambaye daktari ameshaona hahitaji tena kitanda chao, na yule ofisa wa ustawi wa jamii anayekuletea orodha ana wagonjwa wengine wanaomsubiri. Uamuzi ni wa mgonjwa na familia yake, kwa hiyo yeye hatakuchagulia. Atakupa majina, atakwambia wapi kuna kitanda, basi.

Ninaishi Minnesota, kaskazini mwa jiji la Minneapolis, na kazi yangu kwa miaka mingi ni kuogesha, kulisha na kugeuza wazee. Kwetu sisi wahamiaji ni kazi ya kawaida. Wakenya, Watanzania, Waliberia, Wasomali, Wakongo: ingia zamu ya saa tano usiku katika nyumba za wazee za mji huu utatukuta. Sheria ya shirikisho inataka msaidizi wa nesi apate mafunzo yasiyopungua saa 75, na majimbo kadhaa yameongeza juu ya hapo, lakini bado ni mlango ambao mgeni anaweza kuupita ndani ya wiki chache. Ndiyo maana wengi tulianzia hapo. Ninachokijua kuhusu kuchagua nyumba ya wazee sikukipata kwenye vipeperushi. Nilikipata nikiwa ndani, nikisukuma toroli la mashuka, muda mrefu kabla mama yangu mwenyewe hajahitaji kitanda.

Mama ni mtu wa Tanga, Ngamiani, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilipopata uraia nilimwombea ukaazi, akaja kuishi nasi. Wanangu wanaongea Kiswahili kwa sababu yake. Kusahau kulianza taratibu: kuuliza jambo lile lile, kutia chumvi mara mbili kwenye mchuzi. Baadaye akawa anaamka usiku anataka kwenda sokoni, na alfajiri moja jirani alimkuta nje na kanga na ndala, theluji imefika kifundoni. Tukafunga kengele mlangoni, mimi na mume wangu tukapangiana zamu za kulala, tukaendelea. Kiharusi ndicho kilichobadilisha mambo. Upande wa kulia ulilegea, kumeza kukawa kwa shida, na kitandani hawezi tena kujigeuza. Mtu wa namna hiyo anahitaji mwenzake aliye macho mchana na usiku, mwenye nguvu, na anayejua anachofanya. Nyumba yetu haina mtu huyo. Mimi ndiye huyo kwa saa nane kila siku, kwa wazee wa watu wengine, na mshahara huo ndio unaolipa nyumba.

Nilipoandika kwenye grupu la familia kwamba tunatafuta nesingi homu, simu zikaanza. Kaka yangu mkubwa alituma ujumbe wa sauti: "Mama hatupwi. Mpandisheni ndege mumlete nyumbani." Namwelewa. Kichwani mwake nyumba ya wazee ni mahali pa mtu asiye na mtu, na kwa Tanzania hakukosea. Makazi ya serikali kama Nunge kule Kigamboni, Kolandoto Shinyanga au Bukumbi Mwanza yapo kwa ajili ya wazee wasiojiweza ambao hawana ndugu wa kuwatunza, na baadhi ya makazi hayo yana historia ya kuwa makazi ya wagonjwa wa ukoma. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaiweka familia mbele, makazi yawe hatua ya mwisho. Kwa hiyo kaka aliposikia mama anapelekwa, alichosikia ni kwamba mama hana watoto.

Lakini katika kelele zile zote kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuulizwa. Mama angerudi Tanga angekaa kwa kaka, na kaka anatoka alfajiri kwenda bandarini, anarudi jioni. Wa kumgeuza, kumsafisha, kumlisha uji kijiko kwa kijiko asipaliwe, kufua mashuka na kuamka naye saa nane za usiku ni wifi yangu, mke wa kaka, ambaye ana duka lake dogo la vitenge, ana kisukari, na ana mama yake mzazi Muheza anayemhitaji vilevile. Nilimpigia yeye peke yake, nje ya grupu. Alinyamaza, halafu akasema, "Wifi, nikikataa nitaonekana mbaya. Lakini mgongo wangu hauwezi."

Naomba kila familia inayobishana juu ya jambo hili ianze na mtu huyo. Tunaposema mzee atunzwe nyumbani, karibu kila mara kuna mwanamke mmoja tunayemfikiria bila kumtaja: mkamwana, binti ambaye hakuolewa, au dada wa kazi aliyetolewa kijijini mwezi uliopita na hajawahi kuonyeshwa namna ya kumnyanyua mtu mzima. Kama yupo, anataka, ana afya, na kuna wa kumpokea, basi hakuna nyumba ya wazee duniani inayoshinda hapo, na mimi ningemwacha mama huko na moyo mweupe. Kama hayupo, kung'ang'aniza hakumheshimu mama, na kunamvunja huyo mwingine. Kaka alilainika siku alipoongea na mkewe. Mimi nilikuwa nimemweleza mara nyingi na hakusikia.

Sasa usiku.

Nyumba zote zinapendeza saa nne asubuhi. Ziara wanayokupangia huwa siku ya kazi, asubuhi: mkurugenzi yupo, manesi wapo, watu wa mazoezi ya viungo wanatembeza wagonjwa, mapokezi kuna maua na harufu ya kahawa. Nenda kwenye hiyo ziara. Kisha rudi bila kupangiwa, Jumamosi au Jumapili, baada ya chakula cha jioni, saa moja au saa mbili hivi. Simama koridoni usiseme neno. Taa za kengele juu ya milango zinakaa zimewaka muda gani kabla mtu hajaingia? Kuna mzee aliyebaki mezani peke yake, sahani iko mbele yake na kifuniko hakijafunuliwa? Wamepangwa mbele ya kaunta ya manesi kwenye viti vya magurudumu, vichwa vimelala kifuani? Bibi akiita "nisaidie", anayepita anasimama?

Halafu muulize nesi wa zamu, kwa upole, maana naye amechoka: usiku huu korido hii ina wasaidizi wangapi, na wazee wangapi? Usimuulize mkurugenzi, kwa sababu yeye atakupa wastani. Sheria ya shirikisho inataka nesi mwenye leseni awepo saa 24, na nesi aliyesajiliwa, ambaye ana mafunzo makubwa zaidi, awepo angalau saa 8 mfululizo kila siku, lakini haisemi msaidizi mmoja awe na wazee wangapi. Mwaka 2024 serikali ya Biden ilitoa kanuni iliyotaka kila mzee apate kiwango cha chini cha saa 3.48 za uuguzi kwa siku. Mwaka 2025 jaji wa shirikisho huko Texas akaifuta. Kwa hiyo idadi unayotajiwa na mtu aliye zamuni ina uzito kuliko ahadi yoyote iliyochapishwa.

Piga hesabu mwenyewe. Kanuni tuliyofundishwa ni kwamba asiyejigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, na abadilishwe pampasi akilowa. Tuseme dakika kumi kwa kila mmoja, ambazo ni chache. Wazee ishirini ni dakika mia mbili, yaani saa tatu na dakika ishirini, kabla hajaanguka mtu, kabla hajatapika mtu, kabla wewe mwenyewe hujanywa maji. Nimefanya zamu za hesabu hiyo katika nyumba ambazo sitazitaja. Wasaidizi hatukuwa wavivu. Saa zilikuwa hazitoshi, na aliyelipa ni mzee aliyelala kwenye mkojo mpaka kukakucha.

Uliza pia kama wasaidizi ni wa nyumba hiyo au wameletwa na wakala kwa usiku mmoja. Nimefanya kazi ya wakala, na wapo humo watu wenye moyo. Lakini mtu wa usiku mmoja hajui kwamba bibi wa chumba cha mwisho hamezi vidonge mpaka vipondwe kwenye tunda, au kwamba babu yule mcheshi akinyamaza ana maumivu. Uliza nani amekaa hapo zaidi ya miaka miwili. Wakianza kutaja majina mengi na kucheka, umefika mahali pazuri. Wakitazamana, endelea kutafuta.

Kuhusu nyota. Tangu mwaka 2008 serikali inazipa nyumba za wazee nyota moja hadi tano, na siku hizi unaziona kwenye tovuti ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, iitwayo Care Compare. Nyota ya jumla hutokana na vitu vitatu: ukaguzi, idadi ya wafanyakazi, na vipimo vya ubora. Vipimo vingi vya ubora nyumba inajiripotia yenyewe, kwa hiyo mimi huviweka pembeni. Idadi ya wafanyakazi hutoka kwenye rekodi za mishahara, ambazo ni ngumu zaidi kuzipamba, na humo ndani kuna takwimu za wikendi na za wafanyakazi wanaoacha kazi. Naanzia hapo. Kisha nasoma ripoti ya ukaguzi. Wakaguzi wa jimbo huja bila kutoa taarifa, na muda kati ya ukaguzi mmoja na mwingine hautakiwi kuzidi miezi 15. Ripoti ya mwisho lazima iwekwe mahali ambapo mgeni anaweza kuifikia bila kuomba ruhusa. Mara nyingi ni faili nene karibu na mapokezi ambalo hakuna anayeligusa. Kaa nalo chini ulisome. Chakula kisichoandikwa tarehe kwenye jokofu ni kosa, lakini si sawa na mzee aliyepata vidonda vya kulalia akiwa mikononi mwao. Kosa linalojirudia ukaguzi baada ya ukaguzi ndilo la kukutoa mbio.

Nyumba tuliyomchagulia mama haina nyota tano. Jengo ni la zamani, zulia la korido limechakaa, na chumba anachangia na bibi mwingine, pazia katikati. Tuliona nyingine yenye chemchemi ya maji ukumbini na saluni, na wifi yangu kule Tanga alipotumiwa picha alisema hiyo ndiyo. Lakini katika ile nyumba ya zamani, Jumapili jioni, nilipita mlango uliokuwa wazi nikamwona bibi amelala ubavu. Mto ulikuwa katikati ya magoti ili mifupa isigongane. Mwingine nyuma ya mgongo, umekunjwa vizuri. Wa tatu chini ya miguu, kiasi kwamba visigino havikugusa godoro hata kidogo. Jagi la maji lilikuwa upande wa mkono wake mzima, mrija umeelekezwa kwake. Hakuna aliyejua kwamba ninakuja, na bibi yule hakuwa na mgeni. Kuna mtu alimlaza hivyo kwa sababu ndivyo anavyolaza watu. Asiyejigeuza anaoza kuanzia visiginoni, kwenye tako na kwenye nyonga, na kidonda kikishafika kwenye mfupa kinaweza kumuua mzee kabla ya kiharusi chake. Mimi nachagua nyumba kwa visigino. Mume wangu alinikuta nimesimama pale mlangoni nalia.

Jambo jingine ambalo familia hazijui kuliuliza ni dawa za kutuliza. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau akipiga kelele, akitangatanga au akipigana na wanaomwogesha, kuna nyumba ambazo zinakimbilia dawa za wagonjwa wa akili ili anyamaze. Tangu mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani imeweka onyo kali kwamba dawa hizi zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye ugonjwa huo. Mtoto wa mgonjwa ana haki ya kuuliza mama anapewa nini, tangu lini, na kwa sababu gani, na kama ndiye msimamizi wa kisheria wa matibabu yake ana haki ya kukataa. Mzee aliyebadilika ghafla, jana alikuwa anacheka na leo haelewi alipo, kwanza apimwe mkojo, aangaliwe kama amepata choo, aangaliwe kama kuna mahali panamuuma. Mara nyingi ni maambukizi au upungufu wa maji, na yanatibika.

Hilo lilitugusa. Wiki za mwanzo waliandika kwenye faili la mama kwamba anakataa kuogeshwa na anapiga. Mama yangu, ambaye hakuwahi kumchapa mwanafunzi bila kumweleza kosa lake! Nikauliza nani alikwenda kumwogesha. Kijana mwanamume, umri wa mjukuu wake, mpole na mtaratibu, nimeshamwona akifanya kazi na sina neno naye. Lakini mama ni mwanamke wa Kiislamu wa miaka zaidi ya 70 aliyejistiri maisha yake yote, na asubuhi anafunuliwa nguo na mvulana asiyemjua anayeongea lugha ambayo kiharusi kimemfutia. Ungetegemea afanye nini? Hata mimi ningepiga.

Kwa sheria, nyumba inatakiwa iwe na mpango wa awali wa matunzo ndani ya saa 48 tangu mzee aingie, kisha mpango kamili baada ya tathmini, na familia ina haki ya kukaa mezani unapoandikwa. Nendeni kwenye kikao hicho hata kama mnapoteza ovataimu. Tuliandikisha kwamba aogeshwe na kubadilishwa na wanawake tu. Kwamba asile nguruwe, ikiwemo ile jeli inayotumika kwenye vitindamlo. Kwamba apewe uji asubuhi, mzito kwa kiwango alichopangiwa na mtaalamu wa kumeza. Kwamba asafishwe na abadilishwe kabla ya adhuhuri, kwa sababu hata siku ambazo hakumbuki jina langu bado anauliza kuhusu swala, na akijihisi ana najisi analia. Kwamba kitanda kiwekwe namna ambayo akilazwa ubavu anaelekea kibla. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokataliwa. Lakini hakuna ambalo wangelijua wenyewe.

Fomu ile ilikuwa na swali: mzee anapenda kuitwaje? Huku watu wa rika la mwanao wanakuita jina lako la kwanza bila wasiwasi, na hawamaanishi dharau. Nikaandika "Mwalimu". Sasa kuna kikaratasi juu ya kitanda chake, na Wamarekani weupe kwa weusi, mpaka mzee anayepiga deki, wanamwita Mwalimu. Kuna dada Mkenya wa zamu ya jioni, mtu wa Kisumu, ambaye akiingia huanza na "Shikamoo, Mwalimu", na mama, hata siku ambazo hajafungua kinywa tangu asubuhi, anaitikia "Marahaba" kwa sauti ya darasani. Mungu amlipe dada yule. Hata hivyo sikuichagua nyumba kwa ajili yake, na nakushauri nawe usichague kwa ajili ya mtu mmoja anayejua lugha yenu, kwa sababu kesho anaweza kupata kazi inayolipa vizuri zaidi. Dai haki ya mkalimani, wanatakiwa kukupatia hata kwa simu, na ubandike ukutani maneno machache: maji, choo, inauma, njaa, baridi.

Fedha nazo zina mambo yake, na hapa watu wetu wengi wanaumia. Medicare ya kawaida hailipii kuishi katika nyumba ya wazee. Inalipia uuguzi na mazoezi baada ya hospitali, siku 100 kwa kiwango cha juu: 20 za kwanza zote, kuanzia ya 21 mgonjwa anachangia kila siku, na malipo yanaweza kukoma mapema kama hahitaji tena huduma hiyo. Tena sharti awe amelazwa siku tatu mfululizo. Kuna watu wanakaa kwenye kitanda cha hospitali siku nne wakidhani wamelazwa, kumbe karatasi zinasema wako chini ya uangalizi tu, na siku hizo hazihesabiwi. Uliza kila asubuhi: mama amelazwa, au yuko chini ya uangalizi?

Baada ya hapo unalipa mwenyewe, na ni zaidi ya dola 8,000 kwa mwezi sehemu nyingi, au unaomba Medicaid, ambayo ni bima ya serikali ya wasio na uwezo. Mzazi uliyemleta kwa grini kadi kwa kawaida husubiri miaka mitano kabla ya kustahili Medicaid ya shirikisho, na hata Medicare kama hajafanya kazi huku atasubiri miaka mitano ya ukaazi mfululizo ndipo aruhusiwe kuinunua. Kwa hiyo unapompokea mama uwanja wa ndege akiwa na afya na mizigo ya dagaa na bamia kavu, anza kuhesabu. Medicaid nayo hutazama nyuma miezi 60 kuona kama mzee aligawa mali au fedha, na kiwanja kilichoko Bongo ni mali. Msikihamishe kwa jina la mjomba kwa haraka ya kikao cha simu. Tafuteni kwanza mwanasheria wa mambo ya wazee; malipo ya saa moja kwake ni madogo kuliko miezi ya kukataliwa.

Siku ya kuingia utapewa mkataba mnene uusaini umesimama. Kaa chini. Nyumba hairuhusiwi kukulazimisha wewe mtoto kuwa mdhamini wa deni la mzazi kwa fedha zako kama sharti la kumpokea, ila ukisaini mahali pa mdhamini mwenyewe kwa hiari, umejifunga. Unaweza kusaini kwa niaba ya mama, ukaandika hivyo wazi. Kuna pia ukurasa unaosema mgogoro wowote utaamuliwa na msuluhishi badala ya mahakama. Tangu mwaka 2019 hilo nalo si sharti la kuingia, na hata ukisaini una siku 30 za kujitoa. Mimi niliuacha mtupu, yule dada wa ofisini akachukua karatasi zake akaendelea na kazi. Na mahali fulani ukutani kuna namba ya simu ya mtetezi wa wazee wa jimbo, huduma ambayo haina malipo. Ipige picha siku hiyo hiyo, usisubiri ugomvi.

Kumpeleka hakukupunguza kazi yetu, kumeibadilisha. Tunakwenda saa tofauti tofauti, makusudi, ili asiwepo mtu anayejua lini tutaingia. Ninapofika namgeuza, natazama visigino, nyuma ya masikio, kwapani, kisha ndipo nakaa tuongee. Mwanangu mkubwa anamkata kucha. Kaka anapiga video Jumapili, Tanga ikiwa jioni na huku asubuhi, anamtania kuhusu fimbo aliyomchapa darasa la nne, na mama anamjibu sentensi nzima ambazo mimi sizipati. Kaka hajasema tena neno la kutupwa. Juzi aliniuliza jina la yule dada wa Kisumu ili mkewe amtumie kanga. Kanga za mama mwenyewe zinapauka kwenye mashine kubwa za kukaushia, kwa hiyo tumeanza kuzifua nyumbani; zilizobaki kule tumeziandika jina pindoni kwa kalamu ya wino usiofutika, maana nguo zinapotea, hilo lijue.

Kikao kijacho cha mpango wa matunzo ni cha meno. Amepungua uzito, meno yake ya bandia ya juu yamelegea, na nyama anaitafuna kisha anaitema kwenye leso wasione. Wao wameandika kwamba hana hamu ya kula. Nitataka daktari wa meno aje ndani ya mwezi huu, na mpaka aje, nyama isagwe na samaki atolewe miba, na anayemlisha abaki amekaa, asisimame.